Siku Sakafu Haikuulizwa

Zulia jekundu lilimmeza Yustina kichwa kwanza. Miguu ilibaki juu, raba moja kamba zimefunguka, bado inazunguka, maana mwili ulikuwa na kasi yake na haukujua kwamba chini hakuna kitu tena. Na watu wakapiga makofi. Hilo ndilo silisahau. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Mshereheshaji, jamaa mmoja anaitwa Kibonge, akashika kipaza sauti: "Makofi hayo hayatoshi! Mheshimiwa mgeni rasmi, hiyo ndiyo Morogoro!"

Nikarukia jukwaani. Spika la kushoto lilikuwa limeshapoteza mahali pa kusimama, likaniangukia. Goti langu la kulia likaishia pale pale. Nikiwa chini nilisikia kitu kimoja tu, sauti ya Yustina ndani ya zulia, anasema polepole kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Kocha, mbona halikubeba?"

Naitwa Ambakisye. Watoto wa Kihonda, hapa Morogoro, wananiita Kocha Amba, au walikuwa wananiita. Nimefundisha watoto hip-hop miaka ishirini na ushee, ile ya chini, ya kuzungukia kichwa na mgongo. Watoto wa mama wauza mboga, watoto wa waponda kokoto, watoto wanaolala sita kwenye chumba kimoja, na wengine ambao sikuwahi kujua wanalala wapi. Shule mimi niliishia darasa la tano, kwa hiyo mkikuta nimeandika ovyo, someni hivyo hivyo. Nawaandikia nyinyi mnaotaka kuifanya kazi hii, maana naona mko wengi siku hizi, mna simu nzuri na viatu vizuri, na hakuna aliyewaambia habari ya sakafu.

Mimi niliambiwa na Dulla Raba. Huyu alikuwa fundi wa kuziba pancha, mfupi, mabega kama ya ng'ombe. Enzi hizo tulikuwa tunaangalia kanda kwenye banda la video, tunalipa kiingilio, mkanda ukifika pale wanapocheza tunamwomba mwenye deki aurudishe nyuma, anatufukuza. Tunakwenda kujaribu nyuma ya karakana ya Dulla. Siku ya kwanza nilijirusha kwenye saruji nikachubuka kuanzia bega hadi kiuno. Dulla akacheka mpaka akakaa chini.

"Wewe umeiuliza?" akasema.

"Nimemuuliza nani, kaka?"

"Sakafu, mjinga wewe. Unaingia nyumbani kwa mtu bila hodi?"

Akavua raba. Akagonga chini kwa kisigino sehemu tisa: pembe nne, katikati ya kila upande, halafu kitovu. Kila akigonga anainamisha kichwa, anasikiliza. Sakafu nzima inalia kwa ufupi, ta. Penye uwazi chini pana sauti ndefu, ndu, kama ngoma iliyolegea. Penye mchanga juu mguu unateleza kidogo kabla ya kushika. Nikamwona ni kichaa. Siku ya tatu nikawa nimeanza kusikia na mimi, na tangu siku hiyo siwezi kuingia hata kanisani bila kugonga kisigino. Mke wangu ananifinya.

Nilipopata watoto wangu niliifanya hiyo kuwa sheria. Hakuna kucheza mpaka sakafu iulizwe. Wanavua viatu, wanagonga sehemu tisa, wengine wote kimya, na mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayetoa jibu. Akipiga kelele "Inabeba!" muziki unawashwa. Akisema "Bado", tunahama. Kwa nini mdogo? Kwa sababu mkubwa anataka kucheza, atadanganya. Mdogo bado anaogopa kuumia.

Mambo mengine ya ufundi niwape hapa hapa kabla sijasahau. Boksi zuri ni la friji. La sabuni linachanika kabla wimbo haujaisha. Lifungue, upande wenye maandishi uwe chini, maana wino unateleza ukikutana na jasho. Kwa kuzungukia kichwa, sisi tunaita pia, kama ile pia ya kuchezea, mvishe mtoto mzula wa sufu na ndani yake weka kipande cha sponji la godoro, unene wa kidole. Ukizidisha, shingo inayumba. Ile ya kuzungukia mgongo miguu ikikata hewa tunaita feni, na feni haifundishwi mtoto mwenye njaa. Nimejaribu. Anakuwa anazimia, wewe unadhani ni mvivu. Kwanza uji, halafu feni.

Na simu zenu hizo. Kuna siku kijana mmoja alikuja na mtindo kaujua wote kutoka kwenye simu, kaupunguza mwendo, kauangalia wiki nzima. Anacheza vizuri, lakini kila kitu kinakwenda upande usio wake, anaanguka palepale kila mara. Nikakaa nikamwangalia siku mbili, nikashindwa. Siku ya tatu nikamwambia niletee hiyo simu. Kumbe alikuwa anajirekodi mwenyewe kwa kamera ya mbele, inamgeuza kama kioo, halafu anajisahihisha kwa kujifananisha na yule wa kwenye video. Mkono wa kulia wa mwenzake ndio wa kushoto wake. Tulicheka wote mpaka machozi. Lakini nilijifunza jambo: ukiona mtoto anakosea kosa lilelile, usimpigie kelele, tafuta anaangalia wapi.

Mimi ndivyo nilivyo, napenda kujua. Kuna kitu nimekitafuta miaka yote na sijakipata. Kwa nini mtoto asiyesema darasani, mwalimu wake anamwita bubu, ukishamfundisha kusimama kichwa chini anaanza kuongea? Si mara moja wala mbili. Anashuka, macho mekundu, na maneno yanatoka: baba kaondoka, tumehamishwa nyumba, nataka kuwa rubani. Nilidhani ni damu kushuka kichwani. Nikamuuliza nesi mmoja, akasema hapana. Basi nini? Atakayejua aniambie kabla sijafa.

Na lingine. Watoto wa mlimani wanasimama vizuri kuliko wa bondeni. Ile ya kuganda ghafla kama sanamu, mtoto wa Kihonda anatetemeka, mtoto aliyekulia Uluguru anakaa kimya kama kigingi. Nikawapanga siku moja kumi kwa kumi, nikapiga filimbi, nikawahesabia. Wa mlimani wakashinda wote. Nadhani ni vifundo vya miguu. Mtu aliyejifunza kutembea kwenye shamba la mteremko, ndoo kichwani, sakafu ya tambarare kwake ni kitanda.

Yustina alikuwa wa huko. Mama yake anashusha njegere na koliflawa kutoka juu ya Mgeta, anauza sokoni mjini. Mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, macho makali, anakaa mbali na bakuli lake la karoti, anatuangalia. Wiki mbili anaangalia tu. Ya tatu akaja akasema, "Shikamoo kocha. Yule kaka anakosea mkono."

"Marahaba. Anakosea vipi?"

"Anaweka kiganja kabla ya kichwa kukaa. Ndiyo maana anakwenda upande."

Alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa sijaona.

Sasa hapa nilifanya kosa langu la kwanza, na nyinyi mnaotoka mikoa mingine lisikieni. Mimi baba yangu ni Mnyakyusa aliyekuja Morogoro kutafuta kazi ya kiwandani. Kwetu mtoto ni wa baba. Nikamwendea baba yake Yustina, mzee mpole, fundi mwashi, akasema hewala, acheze. Mwezi mzima nikamfundisha. Pia yake ilikuwa inakwenda mizunguko saba. Siku hiyo tuko mazoezini, anaingia kijana, bomba la dawa mgongoni, buti za mpira zina udongo, miaka ishirini na nane hivi. Umri wa kuwa mwanangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Unatafuta mtu?"

"Namtafuta aliyemchukua mtoto wangu bila kuniambia."

Nikamtazama. Mtoto wake? Ana miaka mingapi huyu? Yustina akawa ameshavaa viatu. "Kocha, huyo ni mjomba," akaninong'oneza. "Mjomba Kosta."

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anaweza kusema ndiyo mpaka kesho. Mwenye neno ni mjomba. Miaka yote nimekaa mji huu, nimekula kabichi zao, na hilo sikuwa nimelitilia maanani. Kosta akaondoka na mtoto. Jumapili iliyofuata nikapanda. Bodaboda mpaka misheni, halafu miguu, njia imekatwa ubavuni mwa mlima, mvua inanyesha na jua linawaka kwa pamoja. Nikafika nimelowa. Kosta akaniamkia tena kwa heshima, akanipa kigoda, halafu akanihoji kama mtuhumiwa.

"Huo mchezo anageuka kichwa chini?"

"Ndiyo, mjomba." Nilimwita mjomba, nifanyeje?

"Sketi?"

"Wanavaa suruali. Wote."

"Anapata nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia mtoto wako ana jicho ambalo mimi sina, nikamwambia nataka aje awe mwalimu baada yangu, nimechoka na mgongo. Akasikiliza huku anachokonoa udongo kwenye buti kwa kijiti. Mwisho akauliza:

"Akianguka, nani atakuja hapa kujibu?"

"Mimi."

"Utapanda mwenyewe? Hutatuma mtu?"

"Nitapanda mwenyewe."

"Haya. Mchukue. Na ukirudi niletee mbegu za karoti, za huku zinaoza."

Mwaka mmoja na nusu baadaye Yustina ndiye alikuwa anawafundisha wadogo. Mimi nakaa kwenye kiti, yeye anahesabu. Alikuwa na namna yake: hamwambii mtoto umekosea, anamuuliza, "Umesikia nini ulipogusa chini?" Mtoto anafikiri, anajibu, anajirekebisha mwenyewe. Namna hiyo hakuitoa kwangu.

Ndipo akaja Gervas. Namtaja kwa jina kwa sababu yeye alipenda sana jina lake litajwe. Alikuwa mratibu wa mradi mmoja wa watoto wa mazingira magumu, jina la shirika nawaachia wenyewe. Mtu wa mashati meupe. Alitupa fulana, akatupa spika, na hayo namshukuru. Halafu akataka onyesho kubwa kwenye kiwanja cha mpira, mgeni rasmi, mahema, picha. Nikamwambia sawa, lakini watoto wangu hawachezi kwenye nyasi, wanahitaji jukwaa la mbao ngumu, miguu ya karibu karibu, plaiwudi nene juu. Akakubali. Akampa kazi Fundi Shomari wa Kihonda, rafiki yangu wa siku nyingi.

Siku mbili kabla nilikwenda karakana ya Shomari. Jukwaa lilikuwa zuri ajabu. Nikavua viatu, nikaliuliza sehemu tisa. Ta, ta, ta. Nikarukaruka. Shomari akakasirika: "Amba, ukilivunja utalijenga wewe." Kila mti alikuwa ameuandika chini kwa penseli yake, herufi ya jina lake na kijisamaki. Ndivyo anavyotia sahihi.

Usiku wa kuamkia onyesho mvua ilipiga Uluguru, maji yakateremka yote kiwanjani. Tulifika saa tatu asubuhi, tope mpaka kwenye kifundo. Kwenye hema la wageni zulia jekundu limetandikwa, viti vimepangwa vimekaa sawasawa. Mbele yake jukwaa, nalo lina zulia jekundu mpaka chini. Watoto wakaanza kuvua viatu.

"Hapana, hapana!" Gervas akaja mbio. "Zulia litachafuka kabla mgeni hajafika. Hakuna kukanyaga."

Nikamwambia ni dakika moja tu, ni utaratibu wetu. Akasema gari la mgeni liko hapo barabarani. Kibonge naye ameshaanza kutangaza, "Na sasa, vijana wetu!" Watoto wakanitazama. Mdogo kuliko wote, anaitwa Side, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

Yustina akasema, "Kocha, hatuulizi?"

Na mimi, miaka yote ile, Dulla Raba akiwa kaburini ananisikia, nikasema, "Hili nimeshaliuliza mwenyewe kwa Shomari. Twendeni."

Hilo ni langu. Sitaki mtu anipunguzie.

Walicheza dakika nne salama, kwa sababu mwanzo wetu ni wa miguu na wamesambaa. Halafu wakafungua duara, Yustina akaingia katikati, akaweka kichwa, akaanza pia. Mzunguko wa tano, wa sita. Mengine nimeshawaambia.

Kiwiko chake cha kushoto kilivunjika sehemu mbili na bega likachomoka. Shingo ilipona, na daktari alisema ni ule mzula na sponji. Mimi nililazwa, mguu kwenye POP, ile plasta ngumu. Na kitandani nikawa na swali moja linanila: limevunjikaje? Jukwaa nililolirukia mwenyewe, mtu wa kilo themanini, limevunjikaje kwa mtoto wa kilo thelathini na kitu? Nilifikiri maji. Nikafikiri misumari. Nikamfikiria Shomari vibaya, Mungu anisamehe, kwamba labda alibadilisha mbao.

Siku ya nne Shomari akaingia wodini na ubao begani. Nesi anamfuata: "Baba, huwezi kuingia na hilo!" Hakumsikiliza. Akauweka juu ya shuka langu.

"Amba, soma."

Chini kuna kijisamaki cha penseli. Juu kuna vishimo vinne, duara ndogo ndogo, vimepangwa mraba. Na vinne vingine. Na vingine.

"Hivi ni nini?" nikamuuliza.

"Miguu ya viti. Watoto wako wanacheza na viti? Jukwaa langu nimekwenda kulichukua, lilikuwa chini ya hema la wageni. Zima. Hata msumari haujatoka."

Nikavipapasa vile vishimo kwa kidole.

"Sasa watoto walicheza juu ya nini?"

"Makreti ya soda. Juu yake siling bodi na vipande vya plaiwudi la kufungia mizigo. Zulia likafunika."

Vijana waliobeba nikawatafuta baadaye, mmoja mmoja, nikitembelea mkongojo. Wote waliniambia neno lilelile. Asubuhi ile viti vya wageni vilikuwa vinazama kwenye tope. Gervas akasema, hamisheni jukwaa la watoto liwe chini ya hema, hapo mbele tungeni kitu chochote, watoto ni wepesi. Mmoja akamuuliza, je kocha ajulishwe? Akajibu, tandika zulia.

Nilimpigia simu. Alipokea mara moja tu. "Kocha, ile ilikuwa bahati mbaya. Tope lilikuwa jingi." Nikamuuliza, kwa hiyo ulijua? Akasema yuko kikaoni. Siku hizi yuko Gairo, ana mradi mwingine, wa watoto pia.

Mguu ulipoanza kukanyaga nikapanda kwa Kosta, kama nilivyoahidi. Safari hiyo ilinichukua siku nzima. Nilimpelekea mbegu za karoti. Akaniamkia, akanipa kigoda kilekile. Nikajibu. Nikamwambia kila kitu nilichowaambia hapa, na nikamwambia kwamba mtoto aliniuliza na mimi nikamnyamazisha.

Akazichambua zile mbegu kiganjani.

"Huo ni upande wako," akasema. "Nimeupokea. Aliyehamisha mbao yuko wapi?"

"Gairo."

"Anaijua njia?"

"Hajawahi kuja."

"Basi Yustina hashuki mpaka aje. Sitaki kitu chake. Nataka akae hapo ulipokaa wewe, aseme kwa mdomo wake. Nikimtoa mtoto tena bila hilo, nitakuwa nimesema ni sawa."

Nilimsihi. Nilimwambia Kihonda watoto wanamngoja, Side anauliza kila wiki. Akazifunga zile mbegu kwenye karatasi. Nilipotoka nikamkuta Yustina ubavuni mwa shamba la njegere, mkono wa kushoto kaubana kifuani, haupandi tena juu ya sikio. Alikuwa anafanya miguu. Hatua za mwanzo, zile za kuingilia, kwenye mteremko, udongo umelowa. Wala hatelezi.

"Kocha," akasema bila kusimama, "nimegundua kitu. Huku mlimani chini panajibu tofauti asubuhi na jioni. Umande. Kihonda nako nadhani ni hivyo, hatukuwahi kujaribu." Halafu akasimama. "Wanauliza kwanza, siku hizi?"

"Wanauliza."

"Nani anatoa jibu?"

"Side."

"Side sasa mkubwa. Atafuteni mwingine."

Huyo ndiye mwalimu niliyemtafuta miaka ishirini, na yuko juu ya mlima anafundisha njegere.

Kwa hiyo Gervas, najua kuna mtu atakusomea hii. Kutoka Gairo panda basi ushuke Morogoro, ulizia gari la Mgeta, ushuke misheni. Pale uliza kwa Kosta wa karoti, hata mtoto atakuonyesha. Vaa buti, shati jeupe liache. Usitume barua wala mtu. Ukifika atakuamkia, maana ana adabu, halafu atakupa kigoda. Keti. Mimi nimeshakaa hapo, kinakalika. Umwambie wewe, kwa mdomo wako, nani alisema jukwaa la watoto liende chini ya viti, na kwa nini kocha asijulishwe. Yustina atakuwa pembeni anasikiliza. Yeye anasikiliza kuliko watu wote ninaowajua.

Unakwenda lini?